Je, Wajua? Rangi Haitagi Mayai

Kuku mwitu mwekundu wa Kusini-Mashariki mwa Asia, anayehesabiwa kuwa bibi wa kuku wote wa mabandani, hutaga mayai kama 10 hadi 15 kwa mwaka, akaatamia, akalea, basi. Mwaka 1979, katika chuo cha kilimo cha University of Missouri nchini Marekani, tetea mweupe wa aina ya Leghorn alimaliza siku 364 akiwa ametaga mayai 371. Soma tena hesabu hiyo: mayai yalizidi siku. Kati ya bibi na mjukuu huyo hapakutokea muujiza, ila watu walioamua, kizazi baada ya kizazi, nani apandwe na nani aingie sufuriani.

Mfugaji wa kuku wa asili safi, yaani wale ambao ukiwapandisha dume na jike wa aina moja unajua kabla ya siku 21 za kuatamia watatoka vifaranga wa namna gani, huwa anafukuzia mambo matatu: rangi, umbo na mayai. La ajabu ni kwamba matatu hayo hayafuati kanuni moja. Rangi ni rahisi kuliko inavyoonekana. Umbo lina mitego yake. Mayai ndiyo yaliyowatoa jasho hata maprofesa.

Je, wajua kwamba ipo rangi ya kuku isiyoweza kutulia hata ukiifuga miaka mia? Ni bluu ya kuku wa Andalusia, aina yenye asili ya Hispania, mwenye manyoya ya kijivu cha moshi yaliyopigwa ukingo wa weusi. Mpandishe bluu kwa bluu, na vifaranga wakiwa wengi utapata robo weusi, nusu bluu, na robo weupe wenye madoa ya kijivu. Mfugaji asiyejua huwaondoa weusi na weupe akidhani damu imechafuka, anabaki na bluu watupu, na mwaka unaofuata weusi na weupe wanarudi vile vile. Sababu ni kwamba bluu hiyo ni nusu ya dozi. Kifaranga aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja huwa bluu, aliyeirithi kwa wote wawili hupauka, na asiyeirithi kabisa hubaki mweusi. Utamu wake uko hapa: wachukue wale wawili waliodharauliwa, mweusi na aliyepauka, uwapandishe wao kwa wao, na kila kifaranga atatoka bluu.

Weupe nao una hila zake. Leghorn mweupe si kuku aliyekosa rangi. Ana jeni inayozuia weusi usijitokeze kwenye unyoya, na moja tu inatosha kufanya kazi hiyo. Chini yake anaweza kuwa amejaa weusi au milia ambayo itafumuka kwa wajukuu. Ziko aina nyingine zenye weupe wa namna ya pili, ambao hauonekani mpaka kifaranga aurithi kwa baba na kwa mama pia. Ndiyo maana kuku wawili wanaofanana kwa macho wanaweza kuwa hawahusiani kabisa kwa damu. Kwa mfugaji wa kijijini, hata hivyo, hoja ya weupe ni nyingine. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe, na mwewe analijua hilo kuliko sisi.

Je, wajua kwamba kwa kuku anayeamua jinsia ya mtoto ni mama? Jogoo ana kromosomu mbili za jinsia zinazofanana, Z na Z. Tetea ana Z moja na W moja. Z yake huwapa watoto wake wa kiume peke yao. Mabinti hupewa W, na Z yao hutoka kwa baba. Sasa, rangi kadhaa za kuku zimekaa juu ya kromosomu hiyo ya Z, ikiwamo milia ya Plymouth Rock na ile jozi ambayo wafugaji huiita dhahabu na fedha. Maana yake ni kwamba tetea mwenye milia hawezi kumrithisha binti yake milia hiyo. Humpa mwanawe tu.

Watu wa biashara waliliona hilo mapema. Mpandishe jogoo mwekundu wa Rhode Island Red kwa tetea mwenye milia wa Plymouth Rock. Vifaranga wote watatoka weusi, lakini madume watakuwa na doa jeupe utosini, na majike hawana. Siku ya kwanza tu, bila kusubiri upanga wa kichwani uote, umeshajua nani wa kutaga na nani wa kuchomwa. Ukigeuza wazazi, jogoo awe wa milia na tetea awe mwekundu, mchezo umekwisha: watoto wote wana milia. Reginald Punnett, mtaalamu wa urithi wa Cambridge, alihimiza njia hii wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipokuwa haba Uingereza na kulisha majogoo yasiyohitajika kulikuwa hasara. Vifaranga wa kahawia wa mayai wanaouzwa leo kwenye maboksi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni wajukuu wa wazo hilohilo. Baba yao ni wa dhahabu na mama yao ni wa fedha, kwa hiyo majike hutoka kahawia na madume hutoka wa manjano hafifu. Wale madume hufiki kuwaona, kwa sababu wametengwa kabla boksi halijafungwa.

Lakini ujanja huo ni wa chotara, unafanya kazi mara moja tu. Ukiwapandisha chotara wenyewe kwa wenyewe, alama zinavurugika. Punnett na mwenzake Michael Pease wakaenda hatua moja mbele, na mwaka 1929 wakatoa Cambar, kuku wa aina safi ambaye vifaranga wake wa kike na wa kiume hutofautiana kwa rangi ya manyoya ya utotoni, kizazi baada ya kizazi. Siri ilikuwa kuweka milia juu ya kifaranga wa rangi ya hudhurungi: dume ana dozi mbili za milia na hupauka sana, jike ana moja na hubaki na rangi iliyokolea.

Hesabu hiyohiyo ya dozi mbili na moja imewatesa wafugaji wa maonyesho. Jogoo wa Plymouth Rock kwa maumbile ni mweupe zaidi kuliko dada yake, lakini waamuzi wa zamani walitaka dume na jike wasimame mezani wakiwa na milia ya rangi moja. Lisilowezekana likafanywa liwezekane kwa njia ya ajabu: mfugaji alitunza koo mbili za aina moja, moja ya kutolea majogoo ya zawadi na nyingine ya kutolea matetea ya zawadi. Katika banda la kwanza matetea yalikuwa meusi mno kushinda, katika la pili majogoo yalikuwa meupe mno. Nusu ya kuku wote walifugwa ili wasionekane na mtu. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kutosha kwamba kanuni ya maonyesho inaweza kugombana na kuku mwenyewe, na kuku akashindwa.

Kanuni hizo zilitoka wapi? Uingereza ilipiga marufuku kupiganisha majogoo mwaka 1835, na watu waliozoea kushindana kwa kuku wakatafuta mashindano mengine. Mwaka 1845 maonyesho ya kuku yalifanyika katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1849 Boston, Marekani, ikafanya yake. Malkia Victoria alikuwa ameletewa kuku wakubwa kutoka Asia, na matajiri wakamwiga. Bei zikapaa. Mwamerika George Burnham alimpelekea malkia huyo kuku wa zawadi mwaka 1852, akafanya biashara nono kwa jina hilo, kisha mwaka 1855 akatoa kitabu cha kuwacheka wanunuzi wake, akiita hali hiyo homa ya kuku. Mwaka 1865 Waingereza walichapisha kitabu cha vipimo vya kuku wa maonyesho chini ya uhariri wa William Tegetmeier, mtu aliyemsaidia Charles Darwin katika utafiti wake wa njiwa na kuku. Wamarekani wakatoa chao mwaka 1874. Tangu hapo kuku amekuwa na mteremko wa mgongo unaopimwa, idadi ya meno ya upanga wa kichwani inayohesabiwa, na rangi ya jicho inayoweza kumkosesha zawadi.

Kuhusu huo upanga wa kichwani, hadithi yake ni tamu. Mwaka 1902, miaka miwili tu baada ya kazi ya Mendel juu ya urithi kufufuliwa, mtafiti William Bateson alionyesha kwa kuku kwamba kanuni za urithi zilizogunduliwa kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Baadaye yeye na Punnett walipandisha kuku mwenye upanga bapa wenye vijichuchu na kuku mwenye upanga mfupi wa safu tatu, na watoto wote wakatoka na upanga wa aina ya tatu, wa mviringo wenye makunyanzi, ambao hakuna mzazi aliyekuwa nao. Jeni mbili zilikuwa zimekutana na kutengeneza kitu kipya.

Na huo upanga bapa una kisa chake. Kuku wa Wyandotte anatakiwa awe nao, na wafugaji wamewaondoa wenye upanga wa kawaida wa msumeno kwa zaidi ya karne. Bado wanazaliwa. Kwa nini? Kwa sababu jogoo aliyerithi upanga bapa kwa wazazi wote wawili ana mbegu dhaifu, na jogoo aliyerithi kwa mzazi mmoja, anayeonekana sawasawa na mwenzake, ana mbegu zenye nguvu. Katika banda moja huyo wa pili ndiye anayezaa zaidi. Mfugaji anachagua kwa macho, na mbegu zinachagua kinyume chake.

Mtego mkali zaidi uko kwa kuku wa Chabo wa Japani, wale wadogo wenye miguu mifupi kiasi kwamba kifua kinakaribia kugusa ardhi. Jeni ya ufupi huo ikitoka kwa mzazi mmoja, unapata kuku mzuri. Ikitoka kwa wote wawili, kifaranga hufa ndani ya yai. Kwa hiyo ukipandisha wafupi wawili, robo ya mayai yenye mbegu hayaanguliwi, na kati ya wanaoanguliwa theluthi moja wana miguu mirefu. Hakuna ustadi wa kulirekebisha hilo. Kuku wa Araucana wenye vishungi vya masikioni wana shida ya namna hiyohiyo.

Tunaye wa kwetu mwenye tabia inayokaribiana na hiyo: kidimu, yule mwenye manyoya yaliyopinda nje kana kwamba upepo umemtokea nyuma. Dozi moja ya jeni yake ni pambo, na kwenye joto kali humsaidia kupoza mwili. Dozi mbili humwachia manyoya membamba yanayokatika, akabaki karibu uchi. Ndiyo maana mfugaji mwenye akili humpandisha kidimu kwa kuku wa manyoya ya kawaida, asimpandishe kidimu kwa kidimu. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, hana adhabu hiyo. Dozi mbili humwacha tu na shingo tupu zaidi, na kwa kuwa manyoya yake yote mwilini ni machache, hustahimili jua kuliko wenzake. Ningekuwa na banda Dodoma au Lodwar ningemfikiria yeye kabla ya kufikiria kuku wa picha za Ulaya.

Kuku wamekuwapo katika mwambao wetu tangu karne ya 7 au ya 8 hivi, mifupa yao ikiwa imepatikana katika magofu ya miji ya kale ya biashara, na kwa muda wote huo watu wamechagua pia, bila kitabu cha vipimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wameeleza makundi ya kuku wa kienyeji wa Tanzania kwa majina ambayo wafugaji wenyewe huyatumia: Kuchi, Singamagazi, Ching'wekwe, Mbeya. Kuchi, mrefu, mwenye kifua wima na macho ya ugomvi, anajulikana pia Lamu. Uchunguzi wa vinasaba umeukuta ukoo wa mama wa Kuchi ukishabihiana na wa Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Umbo lile halikuja kwa bahati.

Je, wajua kwamba Columella, mwandishi wa kilimo wa Kirumi wa karne ya 1, aliwasifu kuku wenye vidole vitano? Dorking wa Uingereza na Silkie wa China bado wanavyo. Kuku wengi wengine wana vinne.

Je, wajua kwamba yupo jogoo anayevaa kama mkewe? Sir John Sebright, Mwingereza wa mwanzoni mwa karne ya 19, alitengeneza kuku mdogo mwenye kila unyoya uliotiwa ukingo mweusi mwembamba, na majogoo yake hayana mkia wa mundu wala manyoya marefu ya shingoni. Ngozi ya jogoo huyo hugeuza homoni za kiume kuwa za kike. Kwa kuku, manyoya ya fahari ya jogoo ndiyo hali ya asili. Homoni ya jike ndiyo inayoyazuia. Ndiyo sababu tetea mzee ambaye ovari yake imeharibika anaweza kuota mkia wa jogoo na hata kuwika. Ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto, na ikifa hana ya akiba. Kwetu tetea akiwika huonekana ni nuksi na huchinjwa siku hiyohiyo. Huko Basel, Uswisi, mwaka 1474 walikwenda mbali zaidi: kuku aliyeonekana kuwa jogoo alishtakiwa kwa kosa la kutaga yai, akahukumiwa na kuchomwa moto.

Sasa kisa ambacho naona kinaeleza jambo zima kuliko kingine chochote. Mwaka 1886, katika kijiji cha Orpington, Kent, William Cook aliwachanganya Minorca, Langshan na Plymouth Rock akapata kuku mweusi, mwenye nyama na mayai pamoja. Weusi ulichaguliwa kwa sababu ya maana kabisa: masizi ya London yasionekane kwenye manyoya. Kuku huyo akapendwa na pande mbili zisizozungumza lugha moja. Huko Uingereza watu wa maonyesho walimtaka awe mkubwa, wa mviringo, mwenye manyoya tele. Wakamtilia damu ya kuku wa Kichina, mfugaji Joseph Partington akapeleka mezani kuku hao waliofura kuanzia 1891, na zawadi zikamfuata. Kila mwaka manyoya yaliongezeka, na kila mwaka mayai yalipungua. Huko Australia kuku wale wale wa Cook waliingia mikononi mwa watu waliokuwa wakishindana kwa hesabu ya mayai. Manyoya hawakuyajali. Katika mashindano ya mwaka 1922 hadi 1923 huko Geelong, Victoria, matetea sita wa ukoo huo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, wastani wa 309.5 kila mmoja. Baadaye tetea mmoja wa aina hiyo akaandikiwa mayai 364 kwa siku 365. Ilibidi wapewe jina jingine, Australorp, kwa kuwa hawakufanana tena na binamu zao wa Kent.

Kumbuka kwamba pande zote mbili zilianza na kuku yuleyule mweusi, na zote mbili zilibaki na rangi ileile. Rangi haikuzuia wala kusaidia kitu. Kilichowatenga ni swali ambalo mfugaji alimuuliza kuku wake kila mwaka, na kila upande ulijibiwa ulichouliza.

Mbona basi kuchagua mayai kulichelewa? Kwa sababu yai halionekani kwa jogoo, na katika banda la pamoja hujui yai hili ni la nani. Dawa ya tatizo la pili ilikuwa kiota cha mtego: tetea akiingia mlango unajifunga nyuma yake, anakaa humo mpaka mtu aje kusoma namba ya mguuni na kuandika. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyomgundua Lady McDuff, tetea wa James Dryden wa chuo cha kilimo cha Oregon, aliyemaliza mwaka wake 1913 akiwa na mayai 303, wa kwanza kuandikwa akivuka 300.

Ila mtego peke yake hautoshi. Katika kituo cha utafiti cha Maine, Marekani, walianza mwaka 1898 kuchagua matetea waliotaga sana na majogoo waliozaliwa na mama wa mayai mengi. Baada ya takriban miaka tisa wastani haukupanda. Raymond Pearl alipolichunguza daftari la kituo hicho aliona kosa: tetea anayetaga sana si lazima azae wanaotaga sana, maana chakula, joto, mwanga na bahati vinaingia ndani ya hesabu yake. Kinachomthibitisha mzazi ni mabinti zake. Jogoo hasa hupimwa kwa mabinti na dada, kwa kuwa yeye mwenyewe hatataga kamwe. Hapo ndipo mayai yanapoachana na rangi. Rangi ya bluu inashikwa na jeni moja. Mayai yanashikwa na nyingi mno, kila moja ikisukuma kidogo.

Na kuna jambo ambalo hata daftari la mabinti lilikuwa halijaliona. William Muir wa Purdue University, Indiana, aliacha kuchagua tetea mmoja mmoja aliyeshinda, akachagua vizimba vizima: kundi lililotaga vizuri likiwa pamoja ndilo lililozaa kizazi kijacho. Aliyekuwa bingwa kwa kuwadonoa wenzake hakuwa tena na faida. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1996 yalikuwa ya kushtua. Katika vizazi vichache vifo vya mwaka vilishuka kutoka asilimia 68 hadi karibu 9, na mayai kwa kila tetea aliyewekwa kizimbani yakapanda kutoka 91 hadi 237. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na jambo dogo tu: kuku walibaki hai.

Je, wajua kwamba miguu ya tetea ni daftari? Kwa kuku wenye ngozi ya njano, tetea anapotaga rangi ya njano huenda kwenye kiini cha yai na mwili hupauka kwa mpangilio usiobadilika: kwanza kinyeo, kisha ukingo wa jicho, halafu ndewe za masikio, mdomo kuanzia mzizi kuelekea ncha, na mwisho miguu. Miguu iliyopauka ni ya tetea aliyetaga kwa miezi. Akiacha kutaga, njano hurudi kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo yule mwenye miguu ya njano iliyokoza mwishoni mwa mwaka, anayependeza sokoni, ndiye aliyekula chakula chako bure. (Hiyo njano yenyewe, utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha, kuku hawakuirithi kwa yule bibi mwekundu bali kwa kuku mwitu wa kijivu wa India.) Pima pia kwa vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga: vidole viwili au vitatu vikiingia, anataga.

Mwanga nao. Tetea hutaga vizuri akipata saa 14 hadi 16 za mwanga, na mwanga huo haumfikii kwa macho tu. Hupenya fuvu hadi kwenye ubongo, kiasi kwamba hata kuku kipofu huuhisi. Sisi wa karibu na ikweta tuna saa 12 mwaka mzima, ndiyo maana mabanda ya biashara huwasha taa jioni.

Yai lenyewe kwa kawaida huchukua saa 24 hadi 26 kuundwa, na karibu saa 20 kati ya hizo ni za ganda. Ganda jeupe ni ganda lisilopakwa rangi. Kahawia hupakwa mwishoni kabisa, kwa hiyo ukilikwangua yai bichi la Marans wa Ufaransa, maarufu kwa mayai ya rangi ya chokoleti, utakuta weupe chini yake. Tetea huyo akitaga mfululizo rangi hufifia. Anayetafuta mayai meusi sana na mengi sana anavuta kamba pande mbili. Bluu ya Araucana wa Chile haikwanguki, imeenea ganda lote. Mwaka 2013 iligundulika kwamba ilianza na kirusi kilichojipenyeza katika vinasaba vya kuku zamani, na ajali hiyohiyo ilitokea mara ya pili, kivyake, kwa kuku wa China. Kijani ni bluu iliyopakwa kahawia juu. Hakuna hata moja kati ya rangi hizo inayoongeza lishe ndani ya yai, ingawa wauzaji wa mjini wana maoni yao.

Jambo ambalo wanaosifia mayai 300 hawalisemi sana ni uatamiaji. Leghorn hutaga hivyo kwa sababu hamu ya kuatamia imeondolewa katika damu yake. Bila mashine ya kutotolesha, ukoo wake unakwisha. Tetea wa kienyeji hutaga duru moja, anaatamia siku 21, analea wiki kadhaa, kisha anaanza upya, na mwaka unaisha akiwa na mayai kama 40 hadi 60, lakini pia ana vifaranga, bila umeme na bila gharama. Ukimtilia jogoo wa kisasa, mabinti watataga zaidi na wengi wao watakataa kulalia. Anayeishi mbali na kituo cha vifaranga afikirie hilo kabla ya kubadilisha banda zima. Abakize matetea wachache wa kulalia.

Na unapobadilisha jogoo, kumbuka kwamba tetea huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya mwili wake kwa wiki mbili hadi tatu. Mayai ya siku za mwanzo bado ni ya yule aliyeondoka. Subiri wiki tatu ndipo ukusanye mayai ya mbegu, la sivyo utamsifu au kumlaumu jogoo mpya kwa watoto wasio wake.

Basi ukienda kununua jogoo wa mbegu, kabla hujausifia mkia na upanga wake, muulize mwenye banda: mama yake alitaga mangapi kwa mwaka, na dada zake je? Akikuonyesha daftari, lipa anachotaka. Akianza kukueleza rangi, huyo ni jogoo wa supu, na mlipe bei ya supu.